BIMA YA MOTOKAA KWA KIJANA: ILIYO RAHISI NA ILIYO YA KWELI

(Hii ni hotuba aliyoisoma mwanachama wetu, mkaguzi wa breki za mabehewa, katika mkutano wa wanachama uliofanyika Kibarani. Twaichapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku ile.)



Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Elimu yangu ni ya shule ya misheni mpaka darasa la nane, na kazi yangu mnaijua. Lakini Katibu aliniambia, "Jambo hili limekupata nyumbani kwako. Waeleze wenzio, ili asipate mwingine." Nikaona ana haki, basi nimekuja.

Jambo lenyewe ni bima ya motokaa, ambayo wengine huiita insuransi. Na hasa kijana anayeanza kuendesha, apate wapi bima ambayo mfuko wake unaiweza. Najua wako watakaosema, "Chama cha wafanya kazi kina nini na motokaa? Sisi twaja kazini kwa miguu na kwa matatu." Nawaomba wavumilie. Mwisho wa maneno yangu wataona ya kuwa yule aendaye kwa miguu ndiye mwenye fungu kubwa katika jambo hili.

YALIYONIPATA

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, alikuwa na umri wa miaka 22 aliponunua gari dogo lililotumika. Bei yake ilikuwa Sh. 600,000/-. Fedha nyingine aliweka akiba mwenyewe, nyingine alikopa katika ushirika, nami nikatia sahihi kuwa mdhamini wake. Siku ya kulichukua gari fedha zote zilikuwa zimekwisha, wala hakuna aliyekuwa ameweka kando hata senti ya bima.

Tulikwenda ofisi moja mjini tukaambiwa bei. Mdogo wangu alitoka nje uso umemshuka. Kesho yake akanipigia simu kwa furaha: "Kaka, nimepata bima kwa nusu ya bei, na cheti nimepewa papo hapo." Alikuwa amekutana na mtu kituoni, asiye na ofisi wala kibao, naye akamchapia karatasi yenye muhuri. Mimi nikasema, "Mungu asifiwe," nikaendelea na kazi yangu.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokosa. Mimi ambaye siliruhusu behewa kuondoka mpaka nimeiona breki yake kwa macho yangu, nilimruhusu ndugu yangu kwenda barabarani kwa kuamini karatasi ambayo sikuiuliza swali hata moja.

Mwezi wa tatu, jioni, mvua ikinyesha, mdogo wangu alimgonga mtu mmoja karibu na Makupa. Alikuwa mvuta mkokoteni, mtu mzima mwenye watoto, akirudisha madumu yake ya maji. Mguu ulivunjika. Polisi walipokitazama kile cheti, nambari yake ilikuwa ya gari jingine kabisa. Tulipompigia yule mwuzaji, simu ilikuwa imefungwa, na mpaka leo imefungwa.

Mdogo wangu alishtakiwa kwa kuendesha gari lisilo na bima, akatozwa faini. Gharama za hospitali zikawa zetu. Gari tuliliuza kwa hasara, na mkopo nilioudhamini unakatwa katika mshahara wangu hata mwezi huu. Lakini hayo yote si kitu mbele ya jambo moja. Nilipokwenda kumtazama yule mvuta mkokoteni wodini, aliniuliza kwa upole kabisa, "Kwani, bwana, gari lenu halikuwa na bima?" Sikuwa na jibu. Mtu yule alikaa miezi sita bila kazi. Siku ile hakuna aliyemwuliza kama anataka kugongwa na gari lenye cheti cha nusu bei.

BIMA NI MCHANGO

Tangu siku ile nimezunguka ofisi nyingi za bima kuanzia Moi Avenue mpaka Nkrumah Road, nikiuliza na kuandika katika daftari. Nitawaeleza niliyoyapata kwa maneno yetu sisi.

Bima si uchawi wala si wizi. Ni mchango. Sisi hapa tuna mchango wa mazishi: kila mmoja atoa kidogo, na anayefiwa huchukua kingi. Hatusemi kwamba fedha zetu zimepotea kwa sababu mwaka huu hatukufiwa. Bima ni vivyo hivyo, ila anayeshika mfuko ni kampuni, na kampuni hiyo yataka faida. Kwa hiyo yafaa tuiangalie kwa macho mawili.

Kwa ndugu zetu Waislamu ambao dhamiri zao zina shaka na bima ya kawaida, iko njia ya takaful, ambayo wachangiaji husaidiana na mfuko huendeshwa kwa kufuata sheria ya dini yao. Kampuni ya kwanza ya namna hiyo hapa Kenya, Takaful Insurance of Africa, ilianza kazi mwaka 2011. Hata asiye Mwislamu aweza kukata bima kwao.

Sheria ya Kenya iko wazi. Iko sheria iitwayo Sura ya 405, iliyowekwa tangu enzi za ukoloni na kurekebishwa baadaye, inayosema kwamba gari lisitembee barabarani bila bima ya mtu wa tatu, ile tunayoiita thadi pati. Mtu wa kwanza ni wewe mwenye bima. Wa pili ni kampuni. Wa tatu ni yule usiyemjua: mwenda kwa miguu, mpanda baiskeli, mama muuza mahamri kando ya njia, mvuta mkokoteni wa Makupa.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa wengi hudanganyika. Bima hiyo ya mtu wa tatu haitengenezi gari lako. Haikulipi wewe dereva ukivunjika. Tena sheria inalazimisha malipo ya kifo na majeraha tu. Kama umebomoa ukuta wa mtu au gari lake, hilo hulipwa ikiwa mkataba wako umelitaja, na kwa kiasi kilichoandikwa. Tena, katika gari la nyumbani, sheria hailazimishi bima ya wale uliowapakia ndani. Kijana hupenda kubeba rafiki zake wanne kwenda pwani Jumapili. Basi na aulize kwa kinywa chake, "Je, abiria wangu wamo katika mkataba huu?" Na jibu aonyeshwe kwa maandishi.

Kisha kuna kikomo. Kwa mtu mmoja aliyeumia au kufa, sheria inaitaka kampuni ilipe mpaka Sh. 3,000,000/-. Mahakama ikiamua Sh. 4,000,000/-, ile milioni moja iliyobaki yaweza kumwangukia mwenye gari. Wazee wetu mnaoandikisha magari ya vijana wenu katika majina yenu, kumbukeni hilo.

Bima ya pili ni ile kubwa, inayolipa pia hasara ya gari lako likigongana, likiungua au likiibwa. Hiyo ndiyo ghali, kwa sababu ada yake huhesabiwa kwa kufuata thamani ya gari.

KIJANA ANATOZWA WAPI?

Katika nchi kama Uingereza, kijana wa miaka 18 huambiwa bei kubwa ya bima tangu mlangoni, wakati mwingine kubwa kuliko thamani ya gari lenyewe, kwa kuwa vijana ndio wapatao ajali nyingi. Wako wanaokubali kufungiwa kisanduku garini kinachopeleka habari za mwendo wao kwa kampuni, na anayeendesha kwa utulivu hupunguziwa. Zamani wasichana wa huko walitozwa kidogo kuliko wavulana. Mwaka 2011 Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kutofautisha bei kwa sababu ya mume na mke ni kinyume cha usawa, na uamuzi huo ukaanza kutumika tarehe 21 Desemba 2012.

Hapa kwetu mambo ni tofauti kidogo. Mara nyingi kijana haoni tofauti kubwa siku ya kununua. Huiona siku ya ajali. Karibu kila mkataba wa bima kubwa una kitu kiitwacho eksesi, maana yake ni lile fungu la hasara ambalo wewe mwenyewe hujilipia kabla kampuni haijatoa lake. Na ukisoma chini, kwa herufi ndogo, utakuta ya kuwa kama dereva ni kijana wa chini ya umri fulani, au leseni yake haijatimiza mwaka mmoja au miwili, huongezewa eksesi nyingine juu ya ile. Kila kampuni ina umri wake na kiasi chake. Lisiloulizwa halisemwi.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Hesabu hii ni ya mfano tu, si bei ya kampuni yo yote.

Gari ni la Sh. 600,000/-. Kampuni ya kwanza yataka asilimia 4, yaani Sh. 24,000/- kwa mwaka. Eksesi yake ni Sh. 40,000/-, na ya kijana ni Sh. 10,000/- zaidi. Kampuni ya pili yataka asilimia 5, yaani Sh. 30,000/-. Eksesi yake ni Sh. 15,000/-, na ya kijana ni Sh. 5,000/- zaidi.

Kila mmoja wetu atakimbilia ya kwanza, maana ameokoa Sh. 6,000/-. Sasa kijana amegonga nguzo, na matengenezo ni Sh. 90,000/-. Katika kampuni ya kwanza atajilipia Sh. 50,000/-; pamoja na ada, mwaka ule umemgharimu Sh. 74,000/-. Katika ya pili atajilipia Sh. 20,000/-, pamoja na ada ni Sh. 50,000/-. Ile akiba ya Sh. 6,000/- imezaa hasara ya Sh. 24,000/-. Basi anayeuliza bei ya bima na aulize bei mbili: ya siku ya kununua na ya siku ya ajali.

Juu ya ada kuna tozo ndogo za halali: asilimia 0.2 kwa mafunzo ya bima, asilimia 0.25 kwa mfuko wa kuwafidia wenye bima kampuni ikianguka, na Sh. 40/- za stempu. Kwa ada ya Sh. 30,000/- hizo zote ni Sh. 175/- tu. Mtu akikudai maelfu kwa jina la "kodi ya serikali," mwambie akuandikie kila senti na jina lake.

HILA TATU ZINAZOTUANGUSHA

Hila ya kwanza ni kumficha kijana nyuma ya mzazi. Baba anasema gari ni lake na dereva ni yeye, kumbe mwenye kuliendesha kila siku ni mtoto. Fomu ya bima ni kama kiapo. Ukiandika uwongo, kampuni yaweza kukataa kukulipa hasara ya gari lako. Na kwa mtu wa tatu, sheria haiiachi kampuni imnyime aliyeumia kwa kisingizio cha umri wa dereva tu. Lakini kampuni ikishalipa yaweza kumrudia mwenye bima na kumdai fedha hizo. Atakayedaiwa ni mzee aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Mwandikeni kijana kwa jina lake na umri wake, mlipe kilicho haki, mlale usingizi.

Hila ya pili ni kuficha matumizi. Kijana anakata bima ya gari la nyumbani, kisha anabeba abiria wa kulipa, au anajiunga na teksi za kuitwa kwa simu, au anachukua mzigo wa watu Kongowea. Vivyo hivyo mwenye pikipiki akata bima ya pikipiki ya mwenyewe kisha anafanya kazi ya bodaboda. Bima ya biashara ina bei yake kwa sababu gari la biashara hushinda barabarani. Ukikata ile ndogo, umekata bima ya gari jingine, wala si la kwako.

Hila ya tatu ni kupunguza thamani. Gari ni la Sh. 600,000/-, mtu anaandika Sh. 400,000/- ili ada ishuke. Mkataba ukiwa na sharti la kulipa kwa uwiano, na mingi inalo, wewe umekata bima ya theluthi mbili tu. Basi hasara ya Sh. 90,000/- itahesabiwa kuwa Sh. 60,000/-, na eksesi itaondolewa humo. Wala usizidishe thamani, maana hutalipwa zaidi ya bei ya gari. Mpeleke kwa mthamini, uandike kilicho kweli.

NJIA ZA HALALI ZA KUPUNGUZA

Msidhani nimekuja kuwatisha tu. Ziko njia za kijana kupunguza gharama bila kumdanganya mtu.

Ya kwanza ni gari lenyewe. Kabla ya kununua, uliza bei ya bima. Gari dogo la injini ndogo, ambalo vipuri vyake vimejaa madukani, lina bima nyepesi. Kampuni nyingi hazitoi bima kubwa kwa gari kuukuu sana, na hapo kijana hukwama na gari lisilokubaliwa. Fedha za bima zihesabiwe pamoja na bei ya gari. Mtu asiyeweza kulipa bima bado hajaweza kununua motokaa.

Ya pili ni kuchagua bima inayolingana na gari. Kama gari lako ni la thamani ndogo, ambalo likiharibika waweza kuvumilia, thadi pati iliyo ya kweli, yenye abiria ndani yake, yatosha kwa kuanzia. Afadhali thadi pati ya kweli kuliko bima kubwa ya karatasi.

Ya tatu ni muda. Sheria ya bima haikubali mkopo wa maneno. Kampuni haibebi hatari yako mpaka ada imelipwa. Lakini ziko kampuni zinazouza thadi pati ya mwezi mmoja mmoja, na benki nyingine hulipa ada ya mwaka kisha wewe ukawarudishia kidogo kidogo pamoja na riba. Jumlisha riba hiyo kabla ya kutia sahihi. Na ukichukua ya mwezi, andika tarehe ukutani. Bima iliyokwisha jana usiku haimsaidii aliyegongwa leo asubuhi.

Ya nne ni sifa njema. Kampuni nyingi humpunguzia ada mtu aliyemaliza mwaka bila kudai malipo. Kijana akihama kampuni na adai barua ya kuonyesha miaka yake safi, kwa maana hiyo ni mali yake, kama sisi tudaivyo cheti cha utumishi tunapoacha kazi. Kwa mkwaruzo mdogo, piga hesabu kwanza: pengine kujitengenezea ni nafuu kuliko kupoteza punguzo. Lakini mtu akiumia, hakuna hesabu; toa habari polisi na kwa kampuni siku hiyo hiyo, wala usikubali kosa wala kuahidi fedha barabarani.

Ya tano ni kulinda gari. Kifaa cha kulifuatilia mara nyingi hupunguza eksesi ya wizi. Na sisi wa Pwani tuulize pia habari za mafuriko na za fujo za kisiasa, kama zimo ndani au zalipiwa mbali. Anayevuka Lunga Lunga kwenda Tanga na aulize Kadi ya Njano ya COMESA, maana bima ya mtu wa tatu ya hapa haivuki mpaka peke yake.

KAGUA BREKI KABLA YA SAFARI

Kampuni yenyewe nayo ni ya kukaguliwa. Wengi mnakumbuka United Insurance ilipowekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011. Zilikuwa kampuni zenye leseni, na wenye matatu wengi walikuwa humo. Zilipokwama, walioumia na wenye magari wote walibaki mikono mitupu wakingoja. Uko mfuko wa kuwafidia wenye bima, ambao nimeutaja katika tozo, lakini malipo yake yana kikomo. Basi ada ikiwa ya chini mno kuliko za wengine wote, jiulizeni kampuni hiyo italipa kwa fedha gani.

Mwenye kusimamia kampuni zote za bima Kenya ni Halmashauri ya Kusimamia Bima, inayojulikana kwa herufi IRA. Kila mwaka hutoa orodha ya kampuni, madalali na mawakala wenye leseni, na ndiko pa kupeleka malalamiko kampuni ikikupiga chenga. Vyeti vya magari siku hizi ni vya kidijitali. Cheti hutumwa kwa simu au kwa barua pepe, nacho chaweza kuhakikishwa katika mtambo wa Chama cha Kampuni za Bima, yaani AKI. Kuangalia nambari ya gari na jina la kampuni ni kazi ya dakika chache. Dakika hizo zingaliokoa nyumba yangu na mguu wa mtu.

Kwa hiyo, kijana, kabla ya kutoa fedha uliza mambo haya sita, na jibu upewe kwa maandishi:

1. Kampuni hii na wakala huyu wamo katika orodha ya mwaka huu?
2. Ada yote pamoja na tozo ni kiasi gani, nami nitailipa wapi? (Lipa kwa kampuni, usilipe katika simu ya mtu binafsi.)
3. Eksesi ni kiasi gani, na ya kijana au ya leseni mpya ni kiasi gani?
4. Matumizi yaliyoandikwa ndiyo matumizi yangu?
5. Abiria wangu na mali za watu wamo, na kwa kiasi gani?
6. Bima yaanza saa ngapi, na yaisha tarehe gani?

OMBI LANGU KWA CHAMA

Ndugu Mwenyekiti, mfanya kazi mmoja akienda peke yake ofisini kwa kampuni, hupewa bei na kuambiwa achukue au aache. Jambo hilo si geni kwetu. Kwa mshahara pia tungeambiwa hivyo, kama tusingekuwa na chama. Wazee wetu wa Mombasa waligoma mwaka 1939 bandarini, na mwaka 1947 mji mzima, kwa sababu walijua ya kuwa sauti ya mmoja hupotea hewani. Kununua bima ni jambo dogo kuliko hayo, lakini njia ni ile ile.

Naomba mambo matatu. Kwanza, tawi liandike orodha ya magari na pikipiki za wanachama na za watoto wao, kisha tumtume Katibu na watu wawili kwa kampuni tatu au nne zenye leseni, tukiwa kundi moja, watupe bei moja, na eksesi ya vijana ipunguzwe au iondolewe. Pili, ushirika wetu uweke mkopo mdogo wa bima, unaolipwa moja kwa moja kwa kampuni, na asidhaminiwe mtu mkopo wa kununua gari bila kuonyesha fedha za bima zitatoka wapi. Mimi ningalidaiwa hivyo, nisingalikuwa hapa nikisema haya. Tatu, orodha ya kampuni zenye leseni ibandikwe kila Januari katika ubao wa matangazo, karibu na orodha ya zamu.

Sasa nawarudia wale wenye kwenda kwa miguu, niliowaomba wavumilie. Tangu daraja la Makupa lilipofunguliwa mwaka 2022, njia yetu ya Kibarani imekuwa pana, na magari yapita kwa kasi. Alfajiri, wakati wa kubadilishana zamu, ni nani aliye kando ya barabara ile? Ni sisi. Kila kijana anayepita na cheti cha uwongo anatupitia sisi. Yule mtu wa tatu anayesemwa katika sheria hana jina, lakini hapa Kibarani mimi namjua. Amevaa ovaroli, ameshika chakula chake mkononi, na watoto wake wanamngoja jioni.

Mdogo wangu sasa amerudi kazini, anaweka akiba upya. Safari hii ameanza na fedha za bima, gari litafuata. Na yule mvuta mkokoteni amerudi barabarani, akichechemea. Tukikutana Makupa hunisalimu, nami humsalimu. Kila mara lile swali lake hunirudia. Nataka siku moja kila mwanachama wa chama hiki, akiulizwa hivyo, awe na jibu.